Uzinduzi wa Bomba Linalouma

Iko nchi moja, na msiniulize imepakana na nani, maana nikitaja mpaka mmoja tu mtaanza kuangaliana. Iitwe Ng'arambali. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na ina umeme. Umeme wa Ng'arambali una tabia za kiungwana. Haumwendei mtu kila siku, kwa kuwa mgeni wa kila siku huchokwa. Huja, hukaa kidogo, huondoka bila kuaga.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo limesimama jengo la ghorofa la kupangisha, ambalo wakoloni walilijenga wakiamini watakaa sana. Nyaya zake zina umri wa jengo. Zimevishwa vitambaa kama maiti, na panya waliowahi kuzionja hawakurudi kusimulia. Ghorofa ya pili, fleti ya pembeni, alikaa mjane mmoja aitwaye Bi. Siwema binti Mbaruku, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Na bafuni kwa Bi. Siwema kulikuwa na bomba linalouma.

Sitii chumvi, chumvi Ng'arambali inauzwa kwa kibali. Tangu mwenye nyumba alipoweka hita ya umeme ya kuchemshia maji, bomba lile lilikuwa linapiga shoti. Umeme ukikatika, bomba huwa pole, unalifungua na kulifunga kama bomba la msikitini. Umeme ukirudi, ole wako uliguse: linakushika mkono kama shemeji mlevi harusini, hataki kukuachia na wala hana la maana la kukwambia. Mabomba ya jikoni nayo, kwa kuwa ni ndugu wa bomba moja, yalikuwa na tabia hiyo hiyo. Bi. Siwema alishazoea. Alikuwa akiyafungua kwa mwiko wa mbao, kandambili miguuni, dua mdomoni.

Angeendelea hivyo hadi kufa, au hadi kuuawa, kama si Jokha.

Jokha ndiye mwanawe wa pekee, na Jokha alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa watu wa huko, na huenda hata kwenu, mzazi wa mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake mpaka arobaini iishe. Huko huogeshwa maji ya moto, hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, na kichanga hushikwa na mikono iliyomshika mamake. Bi. Siwema alikuwa ameingoja arobaini hiyo kama mkulima anavyongoja mvua. Lakini kulikuwa na mama mkwe, Bi. Mwanakombo, mwenye nyumba ya geti na gari lenye pazia. Naye alikuwa ameshatuma salamu.

"Mwambieni Bi. Siwema," alisema, "mjukuu wangu haogeshwi na bomba linalouma. Siku wanatoka hospitali, kama bomba halijapona, gari langu litakuwa chini linangoja."

Jokha naye aliposhikwa mkono na mama yake akaulizwa anatakaje, alisema, "Mama, mimi nataka kuja kwako. Ila kwa mtoto..." Hakumaliza. Bi. Siwema alimmalizia moyoni, na palipomalizikia palimchoma kuliko bomba.

*

Alianza kwa mwenye nyumba, Bwana Mafumbi, mtu aliyekuwa akipokea kodi kwa mikono miwili na malalamiko kwa kidole kimoja.

"Bwana Mafumbi, bomba lako linaua."

"Limemuua nani?"

"Bado."

"Basi tusilisingizie, Bi. Siwema. Halafu tuelewane. Bomba ni langu, sikatai. Nyaya ni zangu. Lakini umeme unaopita humo unaununua nani?"

"Naununua mimi."

"Umeona? Kinachokuuma si waya wangu. Ni umeme wako. Mtu anaumwa na mbwa wake mwenyewe, anakuja kumlaumu mwenye ukuta!"

Bi. Siwema akaenda kwenye Idara ya Ukaguzi wa Usalama wa Umeme na Utulivu wa Nyaya. Idara hiyo inaheshimiwa sana, kwa sababu tangu iundwe haijawahi kupoteza mkaguzi hata mmoja. Siri yake ni kanuni ya kwanza kabisa, iliyoandikwa kwa rangi mlangoni: USALAMA HUANZA NA MKAGUZI. Kwa kanuni hiyo ni marufuku mkaguzi kuingia nyumba yenye umeme. Nyumba hukaguliwa umeme ukiwa umekatika tu, na ndiyo maana ukaguzi Ng'arambali hauna msongamano: nchi nzima iko tayari kukaguliwa karibu wakati wote.

*

Akaja Bwana Tindwa, Mkaguzi Msaidizi, kofia ngumu ya njano kichwani na kitambi kikimtangulia kama msafara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Bomba hilo hapo."

Bwana Tindwa akavaa glavu, akavua glavu, akalishika bomba kwa mkono mtupu. Akalipapasa. Akaligonga kwa kidole na kutega sikio, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa.

"Mbona limetulia?"

"Umeme umekatika, baba."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Sasa si linauma umeme ukiwepo?"

"Mama, umeme ukiwepo mimi siruhusiwi kuwepo. Ni hatari."

"Kwa hiyo unajua kwamba ni hatari!"

"Umeme kwa jumla ni hatari. Bomba hili, hapana. Hili nimelishika mwenyewe, na ni bomba la kupigiwa mfano." Akatoa stika ya kijani yenye neno SALAMA, akaibandika juu ya hita, akailainisha kwa kiganja kwa upendo.

Bi. Siwema alitaka kulia, kisha akataka kumpiga, kisha akakumbuka kwamba yuko nyumbani kwake, na jikoni kwake ana silaha. "Baba," alisema kwa sauti ya asali, "utoke nyumbani kwangu na njaa? Watu watanisemaje? Kaa chini. Wali wa nazi upo, na samaki wa kupaka."

Sasa, mkaguzi wa Ng'arambali anaweza kukataa ushahidi, anaweza kukataa hoja, lakini samaki wa kupaka hajawahi kumkataa. Bwana Tindwa akakunja mikono ya shati, akala kwa mkono kama alivyofunzwa na mama yake. Bi. Siwema akawa anampakulia huku akimhadithia harusi ya Jokha kuanzia posa. Sahani ikikaribia kwisha anaongeza, hadithi ikikaribia kwisha anaongeza, na jicho lake moja liko kwenye balbu ya darini. Walipofika kwenye kumtoa bibi harusi, balbu ikapepesa, ikawaka.

"Alhamdulillahi," alisema Bwana Tindwa, akijipigapiga tumbo, vidole vimejaa mafuta. "Mama, nanawa wapi?"

"Huko huko bafuni, baba. Jisikie nyumbani."

Mtu aliyeshiba hakumbuki kanuni. Sauti iliyotoka bafuni, majirani walidhani kuna anayechinja mbuzi bila kuwagawia. Ile kofia ya njano ilitoka peke yake kwanza, ikibingirika. Bwana Tindwa akaifuata, macho yamemtoka, sharubu zimesimama moja moja kama zinaimba wimbo wa taifa.

"Mama! Hili bomba!"

"Lina nini, baba?"

"Linauma!"

"Hebu soma stika."

Bwana Tindwa akatazama stika, akatazama kiganja chake. Tusimwonee: hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa idara tu. Alikaa chini, akapumua, akaibandua ile stika kwa ukucha. "Mama, nisamehe," alisema. "Sasa nimeshuhudia. Na kwa kuwa nimeshuhudia, mambo yamekuwa makubwa."

*

Yalikuwa makubwa kweli. Ng'arambali, hitilafu inayomuuma raia ni ya raia. Inayomuuma mtumishi wa umma hupanda cheo papo hapo, ikawa Hitilafu ya Taifa. Na katika nchi ile kitu cha taifa hakihesabiwi kuwapo mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Hiyo ndiyo desturi yao, na wanaishika kuliko dini. Choo cha sokoni kilikaa kimefungwa utepe mpaka magugu yakaota mlangoni, watu wakijisaidia nyuma yake kwa heshima, kinamngoja mgeni rasmi. Mwaka mmoja mvua ilinyesha kabla ya kuzinduliwa. Mkuu wa jimbo akiwa amelowa chapachapa akaikana hadharani.

Kwa hiyo wakaja maofisa, wakafunga utepe mwekundu kwenye bomba la Bi. Siwema, wakamkataza asiliguse.

"Nikileta fundi wangu wa mtaani?" aliuliza.

"Utakuwa umehujumu hitilafu ya umma, mama."

"Na maji nitapata wapi?"

"Hilo si la umeme, mama. Idara ya maji iko ng'ambo ya barabara."

Akaenda kwa Mkurugenzi wa Idara mwenyewe, Daktari Pazi. Daktari Pazi alikuwa daktari wa heshima, na heshima hiyo alijipa mwenyewe mbele ya mashahidi. Alimkaribisha, akasimama, akaongea akitazama dirishani kana kwamba umati umejaa nje.

"Bibi, hitilafu yako imelikuta taifa likiwa tayari. Tunaunda kamati ya kuipokea, kamati ya kuiratibu, na kamati ya viburudisho. Tukishaizindua, tutaitambua, tukishaitambua, tutaitafakari, na tukishaitafakari, hapo, bibi, hapo!"

"Hapo mtaitengeneza?"

"Hapo tutakuwa tumepiga hatua."

"Bwana mkubwa, mwanangu ana mimba ya kutimia. Mtoto hangojei kamati!"

"Watoto wa siku hizi hawana subira," alisema Daktari Pazi kwa huzuni, akamfungulia mlango.

Bi. Siwema alirudi nyumbani. Alichota maji kwenye bomba la uani, akayapandisha ngazi ndoo baada ya ndoo, akapita mbele ya bomba lake lililovaa utepe kama bibi harusi asiyetaka kuolewa. Alilitukana. Matusi yale siyaandiki. Wino wenyewe una haya.

*

Ghafla ikaja habari kwamba mgeni rasmi amepatikana: Mheshimiwa Chamwingo, Waziri wa Mwanga, Giza na Masuala ya Jioni. Na kwa mkosi, siku jengo lilipovamiwa na maandalizi ndiyo siku Jokha alipopelekwa hospitali na uchungu.

"Nakwenda kwa mwanangu," alisema Bi. Siwema, kikapu mkononi.

"Haiwezekani, mama," ofisa wa itifaki akamzuia ngazini. "Wewe ndiye mwenye hitilafu. Bila wewe hitilafu inakuwa yatima."

"Mwanangu anazaa!"

"Hongera sana. Tutakutaja kwenye risala."

Akazuiwa. Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe kama mfungwa, akitazama Kitengo cha Azima kikifanya kazi. Hiki ndicho kitengo hodari kuliko vyote Ng'arambali. Mkubwa akienda mahali, kila kizuri huazimwa mahali pengine kikatangulia kumngoja. Viti vililetwa kutoka shuleni, watoto wakasoma wamesimama. Zulia jekundu liling'olewa mahakamani, kesi zikaahirishwa. Hata maua yalikuja na udongo wake, na mtunza bustani akilia nyuma ya gari.

Kisha, jambo la ajabu. Wakaingia mafundi, wakazing'oa nyaya kuukuu zote, wakafunga nyaya mpya nene, kikata-umeme cha kisasa, na waya wa ethi ulioshushwa mpaka ardhini ili umeme uliopotea njia upate pa kwenda. Bi. Siwema alimfuata Daktari Pazi, haamini macho yake.

"Kumbe mnaitengeneza! Si mlisema mpaka izinduliwe?"

"Bibi, tunazindua hitilafu, hatuzindui mazishi. Waziri ataligusa lile bomba. Katiba yetu haina kifungu cha Waziri kuumwa."

Bi. Siwema akanyata bafuni. Balbu inawaka, utepe unang'aa. Akanyoosha kidole, akakirudisha, akakinyoosha tena, akagusa. Kimya. Akalikamata bomba lote kwa viganja viwili, akalipakata kama mtoto, machozi yakamtoka. "Vitu vizuri hivi vimetoka wapi?" alimuuliza fundi.

"Stoo, mama."

"Stoo gani?"

"Ya serikali. Serikali yote ni stoo moja, mama, ukijua pa kufungua."

Alikuwa na furaha, na mwenye furaha haulizi mara ya pili. Habari ikamfikia kwamba Jokha amejifungua salama, mtoto wa kike. Bi. Siwema akapiga vigelegele peke yake, itifaki ikamwambia avitunze kwa ajili ya Mheshimiwa.

Kuhusu zile nyaya kuukuu: zilikuwa sehemu ya Hitilafu ya Taifa, hivyo hazikuweza kutupwa. Na kwa kuwa vipaza sauti vya uani vilipungukiwa waya, mtu mmoja mwenye bidii akaziunganisha huko. Ng'arambali mali ya umma haipotei hovyo.

*

Mheshimiwa Chamwingo aliwasili jua likiwa limeshawapika watu vya kutosha. Akapanda ngazi, akakata utepe, akalishika bomba la Bi. Siwema.  Waziri akangoja. Akaligeuza kushoto, akaligeuza kulia, maji yakatiririka kwa adabu.

"Mbona haliniumi?" aliuliza, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Daktari Pazi akainama mpaka tai ikagusa magoti. "Mheshimiwa, limekutambua."

Waziri akatabasamu, akashuka uani penye umati, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Nimeambiwa hapa kuna bomba linauma. Mimi kiongozi wenu nimelishika kwa mkono huu, nikalishika na kwa huu! Limeniuma?"

"Halikukuumaaa!" wakaitikia, maana walipewa fulana.

"Nani basi anaumwa? Anaumwa mwenye nia ya kuumwa! Umeme wa nchi hii haumuumi mzalendo! Nasema tena," na hapo, ili aseme tena kwa mkazo, akaukamata mlingoti wa chuma wa kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Nasema te-te-te-te-te!"

"Te-te-te-te-te!" umati ukaitikia.

"Awa-wa-wa-wa!"

"Awa-wa-wa-wa!"

Waziri akanyanyua mguu, umati ukanyanyua mguu. Akatikisa kichwa, wakatikisa. Kikundi cha ngoma, kisichotaka kupitwa, kikadaka pigo. Wakubwa walioketi mbele wakasema hawajapata kuiona hamasa kama ile. Mmoja akafuta machozi. Ni Bi. Siwema peke yake, aliyejua mtu aliyeshikwa anafananaje, ndiye aliyesimama.

"Zimeni umeme, jamani! Mtu anakufa!"

"Mama, keti," ofisa wa itifaki alimnong'oneza kwa ukali. "Ni kosa la jinai kumkatiza Waziri."

Daktari Pazi naye alikuwa amejua, uso umemgeuka majivu. Lakini kumzimia Waziri umeme ni uhaini, kumgusa bila kualikwa ni utovu wa nidhamu, na kumwuliza kama anaumwa ni kupinga hotuba yake. Akafanya alichoweza: akapiga makofi. Mheshimiwa angekauka pale pale kama samaki ng'onda, lakini saa ya mgao ikafika na umeme ukaondoka zake. Mikono ikaachia, Waziri akaketi juu ya zulia la mahakama.

Alinyanyuka polepole. Aseme nini? Alikwisha kusema mwenyewe nani anaumwa na nani haumwi. Akanyoosha tai, akasema "Ahsanteni" kwa sauti ya kinubi kilichokatika uzi, akabebwa kwa shangwe. Redio ikatangaza kwamba bomba la Bi. Siwema limeonekana halina kasoro, na kwamba hotuba ilikuwa na msisimko mkubwa.

*

Bi. Siwema hakuwafuata. Alipanda kwake, akatandika mkeka mpya, akafukiza udi, akatoa beseni la kuogeshea mtoto, akalisugua mpaka likaonyesha sura. Umeme ungerudi, maji yangepata moto, na bomba lilikuwa limepona. Bi. Mwanakombo na pazia la gari lake wangojee hadi kiama.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yule fundi na wenzake, koleo mkononi.

"Samahani, mama. Tumekuja kung'oa."

"Kung'oa nini?"

"Nyaya. Zilikuwa za kuazima. Mgeni kaondoka, kila kitu kinarudi kwao."

Alitazama chini dirishani. Viti vinapakiwa, zulia linakunjwa, maua yanang'olewa. Bi. Siwema akasimama mlangoni mwa bafu, mikono kiunoni. "Hamgusi! Mniue kwanza! Nimelia ofisini kwenu, nimewalisha, nimefungwa kwenye nyumba yangu, mwanangu kazaa mie sipo! Mnazipeleka wapi? Mwambieni mwenyewe aje, nione uso wake!"

Ndipo vikasikika visigino vizito ngazini, vinapanda, vinapumzika, vinapanda tena. Akatokea Jokha, kanga tatu mwilini, kitu kidogo kimefunikwa kifuani.

"Jokha! Mbona mapema? Si walisema kesho?"

"Wametutoa, Mama," Jokha alisema, akiegemea ukuta. "Wodi ya wazazi haina umeme tangu jana. Si mgao. Waliingia watu wakang'oa nyaya za ukutani, wakasema wanaziazima. Anayeweza kutembea ameambiwa aende kwao. Nimemwacha mwenzangu kitandani yuko katikati ya uchungu, mkunga anamzalisha kwa tochi ya simu." Akatazama zile nyaya nene, akazitambua rangi. Akamtazama mama yake.

Hapo sauti ndefu ya Bi. Siwema iliisha. Aliliangalia bomba. Aliiangalia ile bahasha ya nguo yenye pua ndogo mfano wa punje ya mtama. 

Akaondoka mlangoni.

"Ng'oeni," alisema. "Na upesi! Msianze kukunja kunja. Wewe, parafujo hizo utazihesabu njiani! Kimbieni nazo, na msipozirudisha zilikotoka nitawafuata mmoja mmoja kwa mama zenu."

Mafundi walifanya kazi kama hawajawahi kuifanya. Walipotoka, mashimo yakabaki ukutani yanatazama. Bi. Siwema akaketi kwenye ukingo wa bafu, akasema bila kumwangalia mwanawe, "Bwana Mafumbi atarudisha zile nyaya zake za vitambaa, na bomba litauma. Gari la mkweo liko chini, nimeliona. Nenda, mwanangu. Sitanuna."

"Mama."

"Nenda, nimekwambia."

"Mama, nimepanda ngazi hizi na mshono." Jokha akajishusha taratibu kwenye mkeka mpya. "Sishuki mpaka arobaini."

*

Ndipo Bi. Siwema akafanya jambo linalokatazwa na tangazo la ukutani lenye mihuri mitatu: akawasha jiko la mkaa ngazini, nje ya mlango wake. Majirani wakapokezana ndoo kutoka bomba la uani, kila mmoja akilaani idara anayoijua vizuri zaidi. Moshi ukapanda. Na katika nchi ambayo cheche ukutani hazionekani hata zikiwa na ukubwa wa embe, moshi wa mkaa wa bibi mmoja ulionekana mara moja. Dereva wa Bi. Mwanakombo, aliyechoka kungoja, alipiga simu Idarani. Idara ikamtuma mtu, na kwa kuwa umeme ulikuwa haupo, akaja mbio bila woga.

Alikuwa Bwana Tindwa.

"Shikamoo, mama. Tumepata taarifa ya moto."

"Marahaba. Moto huo hapo. Umekuja kukagua?"

"Ndiyo, mama. Inabidi."

"Vua kofia, ingia."

Bwana Tindwa akaingia. Akamwona Jokha mkekani, akashusha macho. Akaliona beseni, mvuke unapaa. Bi. Siwema alikuwa amepiga magoti, kichanga uchi mapajani kinapiga kelele kama mbunge.

"Mikono yangu imejaa," alisema Bi. Siwema. "Kunja shati, utie kiwiko kwenye maji."

"Kiwiko, mama?"

"Kiwiko. Vidole ni waongo, vimezoea moto. Tia."

Bwana Tindwa akatazama huku na huku, kama anayetafuta kanuni. Hakuiona. Akapiga magoti, akatia kiwiko majini, akaduwaa, akafikiri. 

"Makali kidogo," alisema.

Jokha akasogeza kata ya maji baridi. Bwana Tindwa akamimina, akakoroga, akatia kiwiko tena. Alikaa nacho humo muda, uso umekunjamana kwa bidii, jasho linamtoka.

"Na sasa?"

"Sasa sawa, mama."

"Nimtie?"

 Bwana Tindwa akatia kiwiko kwa mara nyingine.

"Mtie."

Bi. Siwema akamshusha mjukuu wake majini, polepole, kisigino kwanza. Kichanga kikashtuka, kikafikiri, kikanyamaza. Mkaguzi akabaki amepiga magoti pale pale kando ya beseni, kiwiko kinachuruzika, hana stika, hana la kuandika, na hakuthubutu kuondoka mpaka mtoto alipotolewa na kufutwa.